Seva ya Linux kwenye Kompyuta Kuukuu: Jinsi ya Kujua Ilipokwama

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na tangu hapo swali moja limekuwa likizunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye maduka ya kompyuta za mitumba: hii mashine ya zamani ambayo Windows 11 inaikataa, nifanye nayo nini? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba iwekewe Linux na igeuzwe seva ya nyumbani. Jibu hilo si baya. Ubaya wake ni kwamba huishia hapo, na anayelifuata hujikuta mbele ya skrini nyeusi yenye mstari mmoja wa maneno asiyoyaelewa, huku mmoja akimwambia kwamba diski imekufa, mwingine kwamba alichagua Linux isiyofaa, na wa tatu kwamba afute kila kitu aanze upya.

Makala haya hayafundishi kusakinisha Linux hatua kwa hatua, kwa sababu maelezo ya namna hiyo yamejaa tele. Yanashughulikia kile ambacho maelezo hayo hukiruka, yaani namna ya kutambua kilichoshindwa pale usakinishaji unapogoma, kabla mtu hajabadilisha chochote. Kuanza upya bila kujua kilichotokea ni kucheza kamari, na kwa mashine yenye umri wa miaka kumi na mitano kamari hiyo ina nafasi ndogo ya kushinda, kwa kuwa kasoro ya waya, ya betri au ya kumbukumbu haiondoki kwa kufuta diski.

Maneno ya kuanzia

Seva ni kompyuta yoyote inayokaa imewashwa ikisubiri kuhudumia kompyuta nyingine na simu: kutunza picha za familia, kugawa mafaili ya ofisi ndogo, kuchuja matangazo kwenye mtandao wa nyumbani, au kuonyesha video kwenye televisheni ya sebuleni. Wengi hudhani seva ni mashine ya aina ya pekee, inayokaa kwenye kabati la chuma ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Zipo za namna hiyo, lakini kinachoifanya kompyuta iitwe seva ni kazi inayoifanya wala si umbo lake.

Linux, kwa maana kamili, ni kerneli, yaani programu ya kiini inayosimamia prosesa, kumbukumbu na vifaa vingine kwa niaba ya programu zote. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Kwa kuwa kerneli peke yake haimfai mtumiaji, hufungashwa pamoja na maelfu ya programu nyingine na kuwa mfumo kamili, ambao watu huuita distro. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, ni mojawapo ya distro za zamani zaidi ambazo bado ziko hai, na Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2004, imejengwa juu yake. Kwa seva ya nyumbani kwenye kompyuta kuukuu, hizo mbili ndizo ningezitazama kwanza, na kati yake ningechagua Debian isiyo na mazingira ya picha, kwa sababu ni nyepesi na haina haraka ya kubadilika.

Hapa inafaa kuigusa imani iliyoenea kwamba Linux hukubali kompyuta yoyote. Ilikuwa karibu na ukweli miaka ya nyuma, lakini sasa ina mipaka. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha prosesa za biti 32, hivyo mwenye Pentium 4 za mwanzo hawezi kuisakinisha. Hata prosesa za biti 64 hazilingani. Tuchukue mfano wa OptiPlex 780 ya Dell yenye prosesa Core 2 Duo E8400 na kumbukumbu ya GB 4, mashine ambayo ilijaa maofisini kati ya mwaka 2009 na 2012 na ambayo leo huuzwa kama mtumba. Prosesa hiyo ni ya biti 64, ina kasi ya GHz 3, na inatosha kabisa kugawa mafaili. Hata hivyo, haina kundi la maelekezo liitwalo SSE4.2, na familia ya Red Hat Enterprise Linux kuanzia toleo la 9, pamoja na ndugu zake AlmaLinux na Rocky Linux, hulihitaji. Ukijaribu kuzisakinisha utaona maandishi yanayosema kwamba prosesa haikidhi kiwango cha x86-64-v2, na hakuna mpangilio wowote utakaoibadilisha hali hiyo. Debian na Ubuntu bado hazijaweka sharti hilo. Amri `lscpu` huorodhesha uwezo wote wa prosesa, na ni vizuri kuitazama orodha hiyo kabla ya kulaumu kitu kingine.

Mashine inavyoamka

Kompyuta inapowashwa, kazi hupita mikononi mwa programu kadhaa, kila moja ikimkabidhi inayofuata, kama wanariadha katika mbio za kupokezana vijiti. Wa kwanza ni programu dhibiti iliyomo kwenye bodi mama, ambayo kwenye mashine za zamani huitwa BIOS na kwenye mpya huitwa UEFI; huyu hukagua vifaa na kuchagua diski ya kuanzia. Wa pili ni kipakiaji, ambacho kwenye Linux kwa kawaida ni GRUB, na kazi yake ni kuitafuta kerneli na kuiweka kwenye kumbukumbu. Wa tatu ni kerneli yenyewe, ikisaidiwa na mfumo mdogo wa muda uitwao initramfs, ambayo hutambua vifaa na kuifungua diski kuu. Wa nne ni systemd, programu ya kusimamia huduma za mfumo, inayofungua diski zilizobaki na kuwasha huduma hizo. Mwisho ni mtandao, ambao bila huo seva haina maana.

Kijiti kinapoanguka, skrini huonyesha nani alikuwa nacho. Ukiona nembo ya kampuni kisha maneno yanayosema hakuna kifaa cha kuanzia, tatizo liko kwenye BIOS, kwenye diski au kwenye mpangilio wa diski, na kerneli haijaguswa bado. Ukiona `grub>` au `grub rescue>`, kipakiaji kimepatikana lakini hakikupata kile kilichokuwa kikitafuta. Maandishi yakitiririka kisha yakaganda, au ukaishia kwenye neno `(initramfs)`, kerneli imeanza na kushindwa kuifikia diski. Ukiambiwa uko kwenye "emergency mode", kerneli iko salama na shida ni ya systemd, mara nyingi diski ya ziada iliyokosekana. Na skrini ikikuomba jina na nywila ilhali simu yako haiioni seva, kila kitu kimekwenda vizuri isipokuwa mtandao.

Ndiyo maana ushauri wa kubadilisha distro kwa sababu ya ujumbe wa BIOS hauna mantiki: wakati huo hakuna distro yoyote iliyokwishaanza kufanya kazi.

Flashi

Hatua hii haihitaji maneno mengi. Faili la ISO, yaani lile lenye kisakinishi cha Linux unalolipakua, halinakiliwi kwenye flashi kama wimbo. Huandikwa kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, au kwa amri `dd` kwa mwenye Linux tayari, ili mpangilio wa faili hilo uwe ndio mpangilio wa flashi yenyewe. Kabla ya kuandika, linganisha alama ya SHA256 (msururu wa herufi na namba unaobadilika faili likiharibika) ya faili ulilopakua na ile iliyotangazwa na waandaaji, hasa kama ulipakua kwa bando la simu lililokatika njiani. Kisha chomeka flashi kwenye tundu la nyuma la USB 2.0. Mashine kuukuu iliyoongezewa kadi ya USB 3 mara nyingi haiwezi kuanzia kwenye matundu ya kadi hiyo, kwa kuwa BIOS haiyatambui.

BIOS, UEFI na diski isiyoanza

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na ndipo panapostahili maelezo marefu kidogo.

BIOS ya asili ilikuwa ikisoma sehemu ya kwanza kabisa ya diski, baiti 512 tu, na kuendesha chochote ilichokikuta hapo. Mpangilio wa diski uliokwenda sambamba nayo huitwa MBR, na hauwezi kuhesabu zaidi ya takriban TB 2. UEFI ilibadilisha utaratibu huo: yenyewe inaelewa mafaili, na hutafuta kipakiaji ndani ya sehemu maalumu ya diski yenye muundo wa FAT32, kwenye diski ambayo kwa kawaida imepangwa kwa mtindo mpya uitwao GPT. Mashine kama ile ya mfano wetu ina BIOS tupu. Mashine za miaka michache baadaye, hasa za kati ya 2010 na 2013, zina UEFI ya awali inayoweza pia kujifanya BIOS, na huko ndiko mkanganyiko unakozaliwa.

Kwenye mashine za aina hiyo, orodha ya kuchagua kifaa cha kuanzia inaweza kuionyesha flashi ileile mara mbili, mara moja ikiwa na neno UEFI mbele yake na mara nyingine bila neno hilo. Utakayoichagua ndiyo itakayoamua namna Linux itakavyosakinishwa. Ukiingia kwa njia ya UEFI kisha mpangilio wa bodi ukabaki kuanzia kwa njia ya BIOS, usakinishaji utakamilika bila lalamiko lolote, utachomoa flashi, na mashine itasema hakuna cha kuanzia. Diski haijafa. Kipakiaji kiko mahali ambapo BIOS haitazami. Ukiwa bado ndani ya kisakinishi unaweza kuhakikisha: saraka `/sys/firmware/efi` ikiwepo, umeingia kwa njia ya UEFI, isipokuwepo, umeingia kwa njia ya BIOS. Chagua moja, uiandike kwenye karatasi, na ubaki nayo hadi mwisho.

Zipo pia UEFI za awali zilizotengenezwa kwa kuifikiria Windows peke yake, ambazo hupuuza jina lolote la kipakiaji isipokuwa lile la Windows au lile la akiba, `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI`. Kisakinishi cha Debian kinaweza kukuuliza kama kiweke nakala ya GRUB kwenye njia hiyo ya akiba, na kwa mashine za namna hii jibu la swali hilo liwe ndiyo.

Kwenye BIOS tupu kuna mtego mwingine ambao ni mdogo kwa maelezo lakini hula saa nyingi za watu. Kisakinishi huuliza GRUB iandikwe kwenye diski ipi. Flashi nayo ni diski, na wakati mwingine ndiyo hupewa jina `/dev/sda` huku diski halisi ikiwa `/dev/sdb`. Mtu akikubali pendekezo la kwanza bila kusoma, GRUB huandikwa kwenye flashi. Dalili yake haifichiki: flashi ikiwa imechomekwa mashine inaanza vizuri, ikichomolewa haianzi. Dawa ni kuanzia tena kwa flashi hiyohiyo, kuingia kwenye mfumo uliosakinishwa, na kuendesha `grub-install /dev/sdb` kwa jina sahihi la diski, kisha `update-grub`. Ni kazi ya dakika chache, wala haihitaji kusakinisha upya. Mwenye diski ya zaidi ya TB 2 kwenye BIOS tupu atalazimika kutumia GPT, na hapo GRUB huhitaji kasehemu ka MB 1 kasikokuwa na mafaili yoyote, kwa ajili yake yenyewe. Kisakinishi kikiachiwa kigawe diski nzima hukatenga chenyewe.

Kama kisakinishi hakiioni diski kabisa, angalia kwenye BIOS namna matundu ya SATA, yanakochomekwa waya za diski, yanavyoendeshwa. Mpangilio wa RAID huweza kuificha diski; AHCI ndio unaofaa.

Skrini nyeusi na mashine inayoganda

Skrini inayokuwa nyeusi mara baada ya GRUB huwatisha watu kuliko inavyostahili. Mara nyingi kerneli inaendelea na kazi yake kama kawaida, ila draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ya kadi ya picha imejaribu kubadilisha mwonekano na kushindwa kuelewana na kadi ya zamani. Kwenye orodha ya GRUB bonyeza herufi `e`, tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, ongeza `nomodeset` mwishoni mwake, kisha bonyeza F10. Ikifaa, neno hilohilo liandikwe ndani ya `/etc/default/grub` na `update-grub` iendeshwe ili lidumu. Kwa kompyuta ya kuchezea michezo hiyo ingekuwa hasara. Kwa seva itakayokaa bila skrini hakuna kinachopotea.

Kuganda ni suala jingine, na kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vyote: rudia mara kadhaa na uangalie kama inaganda mahali palepale. Ikiganda palepale kila mara, shuku programu, faili bovu kwenye flashi, au draiva ya kifaa fulani. Ikiganda mara hapa mara pale, leo kwenye asilimia thelathini na kesho kwenye themanini, shuku vifaa: kumbukumbu, joto, au ugavi wa umeme. Memtest86+ huanzishwa kwa flashi bila mfumo wowote na hupima kumbukumbu. Iache usiku kucha, na kosa hata moja linatosha kukifanya kipande hicho cha RAM kisifae kwa seva. Kama kuna vipande viwili, chomoa kimoja na ujaribu tena. Fungua pia kasha, ondoa vumbi kwenye feni, na tazama kapasita zilizoko karibu na prosesa. Zikiwa zimevimba vichwani, kama zilivyofanya nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, hakuna amri ya Linux itakayozitibu.

Diski nayo hujieleza yenyewe ikiulizwa. Amri `smartctl -a /dev/sda`, iliyomo ndani ya kifurushi cha smartmontools, hutoa orodha ndefu ambayo mistari mitatu tu inatosha kwa kuanzia. Idadi ya maeneo yaliyohamishwa na idadi ya maeneo yanayosubiri zikiwa juu ya sifuri na zikaendelea kupanda, diski inaelekea ukingoni, na isipewe picha za harusi ya mtu. Lakini kikipanda kile kiitwacho `UDMA_CRC_Error_Count` peke yake, lawama mara nyingi ni ya waya wa SATA. Badilisha waya. Watu wametupa diski nzima kwa sababu ya waya wa bei ndogo.

Betri ndogo yenye makosa makubwa

Kwenye bodi mama kuna betri ya mviringo iitwayo CR2032, yenye volti 3, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS wakati kompyuta imetolewa kwenye umeme. Kwenye mashine ya miaka kumi na mitano, betri hiyo imekwisha au inakaribia kwisha. Mwenye mashine hatambui kwa sababu umeme ukiwepo kila kitu huenda vizuri. Umeme ukikatika, matatizo huja kwa mkupuo, na kwa kuwa hayafanani mtu huyachukulia kuwa ni mambo mbalimbali.

La kwanza ni tarehe. Saa hurudi mwaka 2008 au 2009, kisha apt, programu ya kusakinishia vifurushi, hukataa kupakua programu ikidai kwamba orodha ya vifurushi bado haijaanza kuwa halali, na kila anwani ya https hukataliwa kwa kuwa cheti chake, kwa mujibu wa kompyuta hiyo, kimetolewa miaka mingi ijayo. Mtu husoma makosa hayo na kuulaumu mtandao. Andika `date` kabla ya kufanya lolote. La pili ni kwamba mpangilio wa diski ya kuanzia hurudi wa kiwandani, na mashine iliyoanza vizuri jana leo inatafuta kifaa kisichokuwepo. La tatu huwapata wale tu ambao tayari walikuwa na seva inayofanya kazi: ule mpangilio unaoiambia mashine ijiwashe yenyewe umeme unaporudi hufutika, na seva hubaki imezimwa hadi mtu aende kuibonyeza.

Mpangilio huo wa mwisho unastahili kuzingatiwa na yeyote anayeishi mahali ambapo umeme hukatika. Kwenye BIOS hupatikana katika ukurasa wa mambo ya umeme, kwa majina yanayotofautiana, na unapaswa kuwa "washa" badala ya "baki imezimwa". Jirani yake ni mpangilio unaoifanya BIOS isimame na kulalamika ikikosa kibodi. Kwenye seva isiyo na kibodi lalamiko hilo ni kizuizi, hivyo lizimwe. Wenye Ubuntu waongeze jambo moja: kama mara iliyopita mfumo haukuanza hadi mwisho, GRUB husubiri muda mrefu zaidi kwenye orodha yake ili mtu achague, na muda huo hupunguzwa kwa `GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT`.

Je, kukatika huko kunaharibu mafaili? Mfumo wa mafaili wa ext4 una shajara, yaani huandika kusudio la mabadiliko kabla ya kuyatekeleza, na kwa hiyo muundo wake kwa kawaida hubaki salama. Shajara haiahidi kwamba maneno ya mwisho uliyokuwa ukiyahifadhi yatakuwepo. Ukirudi na kukuta `(initramfs)` pamoja na agizo la kuendesha fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili, kwa mkono, andika `fsck -y` ikifuatiwa na jina la sehemu iliyotajwa kwenye skrini, usubiri imalize, kisha uwashe upya. Likijirudia kila umeme unapokatika, pesa ya UPS ndogo ni bora kuliko pesa ya diski ya pili.

Inaanza, lakini haionekani

Kwa usakinishaji tumia waya, si Wi-Fi. Kadi nyingi za Wi-Fi za zamani huhitaji programu dhibiti ambayo si huria, na kabla ya mwaka 2023 Debian haikuwa ikiiweka kwenye faili lake rasmi la usakinishaji. Kuanzia Debian 12 imo. Maelezo ya zamani yanayokuambia uitafute kando na kuiweka kwenye flashi ya pili yamepitwa na wakati.

Maelezo hayohayo yatakuambia kadi ya mtandao inaitwa `eth0`. Siku hizi jina hutokana na mahali kadi ilipo kwenye bodi, na kwenye mashine ya mfano wetu kadi ya ndani inaweza kuitwa `enp0s25`. Amri `ip a` itakuonyesha jina la kweli. Faili la mpangilio likitaja jina lisilokuwepo, mtandao hautawaka, na Ubuntu inaweza kukaa dakika mbili nzima wakati wa kuanza ikiusubiri. Kumbuka pia kwamba ukichomeka kadi nyingine kwenye bodi, namba za mahali zinaweza kusogea na jina likabadilika. Hiyo ndiyo sababu ya seva iliyopotea kwenye mtandao mara baada ya kuongezewa kadi isiyohusiana na mtandao hata kidogo.

Anwani ya seva isiachwe ibadilikebadilike. Njia rahisi ni kuingia kwenye ruta na kuitengea seva anwani ya kudumu, kwa mfano `192.168.1.50`, badala ya kuihangaikia ndani ya seva. Kisha jaribu kuingia kutoka kompyuta nyingine kwa ssh, njia ya kuiendesha seva kwa amri kupitia mtandao, na usome jibu kwa makini, maana majibu mawili yanayofanana kwa macho yana maana tofauti kabisa. "Connection refused" ni habari njema kwa kiasi fulani: kuna mashine kwenye anwani hiyo na imejibu, ila huduma ya ssh haijawashwa au haikusakinishwa. "Connection timed out" maana yake hakuna aliyejibu: mashine imezimwa, anwani si yake, au kuna ukuta wa moto unaomeza maombi kimya kimya. La kwanza hutibiwa kwenye seva kwa kusakinisha `openssh-server`. La pili huanza na kuangalia waya.

Kwa "emergency mode" niliyoitaja mwanzoni, fungua `/etc/fstab`, faili lenye orodha ya diski za kufunguliwa mfumo unapoanza. Mara nyingi kuna mstari wa diski ya nje ambayo haikuchomekwa siku hiyo, au diski iliyotajwa kwa jina kama `/dev/sdb1` ambalo limehamia kwa diski nyingine. Taja diski kwa UUID, namba yake ya pekee ya utambulisho, ambayo `blkid` huionyesha, na kwa diski zisizo za lazima ongeza neno `nofail`. Na kwa huduma yoyote iliyoanguka, `systemctl --failed` hutoa majina, na `journalctl -b -p err` hutoa sababu. Soma kosa la kwanza kwenye orodha, kwa kuwa yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake. Ukikuta huduma moja inakufa papo hapo kwa maneno "Illegal instruction", rudi kwenye suala la prosesa: MongoDB kuanzia toleo la 5.0, kwa mfano, hutaka maelekezo ya AVX, ambayo Core 2 Duo haina.

Kuifikia kutoka nje ya nyumba ni somo jingine, lakini kuna jambo moja linaloumiza wengi bila sababu. Huduma nyingi za intaneti ya nyumbani zinazopita kwenye mtandao wa simu hazimpi mteja anwani yake mwenyewe ya hadharani. Wateja wengi hutumia anwani moja kwa pamoja. Ingia kwenye ruta na uangalie anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa iko kati ya `100.64.0.0` na `100.127.255.255`, umo katika utaratibu huo, na kufungua milango (port) kwenye ruta hakutasaidia hata ukirudia mara mia. Njia inayofanya kazi ni seva yenyewe kuanzisha muunganisho kwenda nje, kwa programu ya VPN iitwayo WireGuard kuelekea kompyuta ya kukodi yenye anwani ya hadharani, au kwa huduma kama Tailscale. Hata mwenye anwani yake mwenyewe asiuache mlango wa ssh wazi kwa nywila tupu. Kusema kwamba Linux haivamiwi ni uzushi: roboti za kubahatisha nywila haziulizi mashine ni ya nani wala ina umri gani, na kinga yake ni kutumia funguo za ssh na kuzima kabisa uingiaji wa nywila.

Lililobaki ni umeme. Kompyuta ya mezani ya umri huu ikila wati 60 mfululizo, kwa siku 30 itatumia uniti 43. Kwa kaya ya Tanzania iliyo katika kundi la watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya nusu ya kiasi chote, na inaweza kuihamisha kaya hiyo hadi kundi la bei ya juu. Kabla ya kuiacha ikiwaka usiku na mchana, chomoa kadi ya picha ya ziada kama bodi ina yake, ondoa diski zisizotumika na kiendeshi cha DVD, kisha soma mita kwa siku moja seva ikiwa imezimwa na siku nyingine ikiwa inawaka. Ikiwa tofauti ni kubwa kuliko unavyoweza kulipa, kompyuta mpakato iliyovunjika skrini hufanya kazi hiyohiyo kwa umeme kidogo zaidi, na betri yake, kama bado inashika chaji, itaivusha kwenye kukatika kwa muda mfupi.